Mpaka Unapita Koridoni

Kinyozi wetu alikuwa mjumbe wa tawi la chama kwa miaka kumi, na kazi aliyoifanya miaka yote hiyo ni kukaa. Taa ya mtaa ikizimika, "nitalishughulikia." Mtaro ukiziba, "nitalishughulikia." Mimi mshonaji nina kiherehere, sikatai. Safari hii nikachukua fomu.

Siku ya uchaguzi ofisi ya tawi ilijaa mpaka mlangoni. Katibu, mwalimu mstaafu, akauliza kama kuna pingamizi. Kinyozi akanyanyuka taratibu, akakunjua ramani.

"Kanuni ya nne," akasema. "Mgombea lazima awe analala ndani ya mpaka wa tawi. Mpaka wetu unafuata mfereji wa zamani, na mfereji huo unapita chini ya korido ya dada yetu huyu. Chumba chao cha kulala kiko upande wa pili. Akagombee huko."

Watu wakacheka. Mimi damu ikanichemka, kwa sababu alikuwa amekosea na nisingeweza kusema amekosea wapi.

Ukweli ni kwamba chumba kile analala mume wangu peke yake. Mimi mwaka wa tatu huu nalala chumba cha cherehani, upande wetu wa mfereji, kwenye godoro kati ya meza ya kukatia na gunia la vitambaa. Hatujagombana. Mume wangu anakoroma mpaka vioo vinatetemeka, na hilo haambiliki. Ni fundi redio, mpole ajabu, lakini wifi yangu alimtania mara moja tu, wakanuniana miezi miwili. Nyumbani tunasema nalala kule ili niwahi kazi asubuhi.

Sasa nifanyeje? Nikisema kweli, namvua nguo mume wangu mbele ya mtaa mzima. Nikinyamaza, kinyozi anakaa miaka mitano mingine. Nikafungua mdomo nijitoe.

"Katibu, naomba nafasi." Alikuwa mume wangu, amesimama mlangoni, maana yeye pale hana kura. "Mke wangu analala chumba cha cherehani. Mimi nakoroma."

Vichwa vyote vikageukia mlangoni.

"Sana?" katibu akauliza, kalamu mkononi.

"Sana, mwalimu. Nadhani hata upande huu wa mfereji wanajua."

"Tunajua, shemeji," akajibu jirani yangu kutoka benchi la mbele.

Vicheko vikalipuka, na mume wangu akacheka nao huku akijipangusa jasho. Mimi nililia, sina haja ya kuficha. Katibu akaandika kwamba pingamizi limetupwa. Nikashinda kwa kura tisa.

Njiani nikamshukuru. "Nilisema tu upite," akanijibu. "Sikoromi kiasi hicho."

Tulipofika nikaanza kukunja godoro langu. Mtu aliyejitoa vile, nikaona, siwezi kuendelea kumwacha peke yake. Akanishika mkono.

"Kanuni ya sita. Mjumbe akihama tawi, kiti kinakuwa wazi."

Kumbe alikuwa amezisoma kanuni zote. Akatoka, akarudi na mto wake kwapani, akasogeza gunia la vitambaa, akajilaza apumzike mchana ule. Hazikupita dakika tano, mkasi ukaanza kutetemeka mezani. Nikauondoa usije ukamwangukia, kisha nikajilaza pembeni yake hivyo hivyo.