Nyondo ya Muthamia

Mume wangu Muthamia alizaliwa na chuchu moja iliyolala. Ya kushoto. Imeingia ndani kama kitovu, na siku ya kwanza alipovua shati mbele yangu nilimwuliza kama mamake alichoka kabla ya kuimaliza. Alicheka mpaka akakaa chini. Nikajua huyu naweza kuishi naye. Miaka arobaini na minane sasa, na hiyo chuchu nimeitania kuliko nilivyotania jirani yeyote hapa Nkubu.

Mwaka huu, kahawa ilipokwisha kuchumwa, mzee akaanza kuvaa sweta nyeusi. Jua la kukausha mahindi, na yeye yuko ndani ya sweta. Shati lake jeupe la kanisani akaliacha. Halafu akaanza kujifulia fulana, mwanamume wa miaka sabini na miwili ambaye hakuwahi kujua sabuni inakaa wapi. Mke mwingine angefikiri kuna msichana. Mimi niliyaangalia magoti yake nikasema hapana, si msichana.

Nikaenda kwenye kamba ya nguo. Fulana haikuwa imetakata, kwa sababu damu haifuliwi kwa maji moto, na hilo nani angemfundisha? Palikuwa na doa dogo kama punje ya mtama, upande wa kulia.

"Baba Igoki, hii ni nini?"

"Tawi la kahawa lilinichoma."

"Kahawa tulimaliza kuchuma. Hilo tawi linakufuata mpaka nyumbani?"

"Wewe huna kazi."

Nikangoja aoge kwenye karai nyuma ya nyumba, nikapita kama natafuta kuku. Ile chuchu ya kulia, iliyosimama kama askari miaka yote hiyo, nayo ilikuwa imelala. Imevutwa ndani. Nilikuwa na utani tayari mdomoni, lakini nikaumeza.

"Twende hospitali," nikamwambia.

"Nikaseme nini? Nipange foleni na akina mama kwa sababu ya nyondo?" Kwetu titi tunaliita nyondo, liwe la nani. "Kailemia akisikia, kituo kizima cha kahawa kitaniita mama watoto."

Kailemia ni rika lake, na mdomo wake hauna mlango. Kwa hivyo sikubishana. Nikakaa siku mbili. Siku ya tatu asubuhi nikashika kifua changu nikaanza kuugua.

"Mama Igoki, ni nini?"

"Nyondo yangu. Nisindikize hospitali ya Meru, sitafika peke yangu."

Alivaa viatu bila soksi. Njia yote alinibebea mkoba, mwanamume ambaye hata sukari ya dukani hubeba kwa aibu. Nilitaka kumwambia ukweli. Nilivyomwona ameushika ule mkoba kwa mikono miwili, karibu nimwambie.

Tulipoitwa ndani nilikaa kiti cha karibu na mlango. "Daktari," nikasema, "mgonjwa ni huyu."

Muthamia alinitazama kama ng'ombe aliyeuzwa. Lakini mlango nilikuwa nimeuziba, na mimi si mwembamba.

Daktari alikuwa kijana wa pwani, Kiswahili chake kimenyooka kama kimepigwa pasi. "Mzee, una tatizo gani?"

Muthamia akaangalia dari. "Ni nyondo."

"Nyundo? Umejigonga wapi, kidoleni?"

"Hapa kifuani."

"Nani alikupiga kwa nyundo kifuani?" Daktari akaniangalia mimi.

"Sijapigwa. Ni yangu. Nilizaliwa nazo mbili."

Daktari akaweka kalamu chini.

"Moja imelala tangu kuzaliwa," mzee akaendelea kwa heshima, "lakini hii nyingine imelala juzi, na inatoa damu."

Mungu anisamehe, niliwaacha kidogo. Halafu nikasema, "Daktari, anasema titi." Kijana alicheka mpaka akafuta miwani. Muthamia naye akacheka, na sweta ikatoka bila kubembelezwa.

Daktari alimpima pande zote mbili, na makwapa. Alipofika kulia akaacha kucheka.

"Hii ya kushoto haina neno," akasema. "Watu hawafanani. Kuna mwenye moja kubwa na moja ndogo, kuna mwenye ya tatu pale chini akidhani ni baka tu. Uliyozaliwa nayo hayatusumbui. Tunaogopa kinachobadilika. Iliyosimama ikilala, ikitoa damu au maji, ngozi ikivutwa, kivimbe. Na hapa nyuma ya chuchu kuna kivimbe, mzee. Tangu lini?"

"Tangu mavuno."

"Mwanamume anashikwa na saratani ya titi?" nikauliza mimi.

"Anashikwa. Si wengi. Lakini wengi wao huja wamechelewa, kwa aibu."

Walimtoa nyama kidogo kwa sindano, tukaambiwa turudi baada ya wiki mbili. Wiki hizo Muthamia alinitembeza shambani akinionyesha mipaka. "Unanionyesha shamba ninalolima mimi?" nikamwambia. Akanishika mkono hapo kwenye migomba, mchana, watu wakipita.

Ilikuwa saratani. Lakini haikuwa imefika kwapani. Walimkata hilo titi, wakampa tembe za kumeza kila siku, na akaambiwa arudi kupimwa. Amerudi nyumbani na kovu refu, na ile moja tu ya kushoto, mvivu wangu wa zamani.

Kituo cha kahawa alikwenda kuwaambia mwenyewe, hata kovu akalionyesha. Kailemia alicheka sana. Jioni akaja kwetu kupitia mlango wa jikoni, akauliza kwa sauti ndogo yule daktari anafika saa ngapi.

Jumapili hii Muthamia alisimama mlangoni kifua wazi. "Mama Igoki, lile shati langu jeupe liko wapi?"

Nilikuwa nimelipiga pasi tangu Ijumaa. Nikamfunga vifungo mimi mwenyewe, kimoja kimoja, na nilipofika kifuani nikabisha hodi upande wa kushoto.

"Bado amelala," akasema.

"Mwache alale," nikamwambia. Tukaenda kanisani tumechelewa.