Benchi ya Wachuka

Baridi ya Julai ilipoingia Nyeri, picha moja ilizagaa kwenye simu za watu: jikoni penye benchi ndefu ya udongo. Moshi wa jiko ulipita ndani ya benchi hiyo kabla ya kutoka kwenye bomba, na aliyekaa juu yake alipata joto. Kurasa zote zilisema ni ubunifu wa Ulaya.

"Weka leo," Fuad alimwambia Samiha. Fuad ndiye aliyeanzisha tovuti yao ya ujenzi na mapambo ya nyumba pale mjini. Samiha alikuwa mhariri wake. "Andika tu 'picha kutoka mtandaoni'."

"Mtandao si mtu," Samiha alisema. "Nani alijenga? Moshi inatoka vizuri? Mtu akiiga na ikikosa kutoka, atalala na watoto ndani ya moshi."

"Wengine wameshaweka."

"Wamenakiliana. Hakuna hata mmoja amefika huko."

Fuad alimpa hadi Ijumaa.

Samiha aliikuza picha. Nje ya dirisha la jikoni aliona mistari ya majani chai na banda la kupimia chai lenye paa la kijani. Aliikata sehemu hiyo na kuwauliza wasomaji kama kuna anayelijua banda lile. Moffat, dereva wa lori la chai, alijibu siku hiyo hiyo: liko Tetu, na nyumba inayolitazama ni ya mama anayeitwa Wachuka.

Kesho yake Samiha alimkuta Wachuka akikamua ng'ombe. Aliposikia habari ya picha, uso wake ulibadilika.

"Nimechoka na hiyo picha," alisema. "Nilijengea mama yangu, magoti ilikuwa inamwuma sana asubuhi. Nikatumia kikundi yetu ya akina mama wa kanisa picha. Ikazunguka, ikarudi ati ni ya wazungu. Sasa kanisani wanasema niliiba."

Ndani, mama yake alikuwa amenyoosha miguu kwenye benchi, akichambua maharagwe. Samiha aliketi kando yake, na joto likampanda mgongoni.

"Mama, mimi nakuamini," alimwambia Wachuka. "Lakini wasomaji hawakujui. Nisaidie niwaonyeshe."

Wachuka akatoa simu. Alikuwa na picha za ujenzi wote, pamoja na benchi ya kwanza iliyopasuka na ya pili iliyojaza nyumba moshi. "Hizi za kuharibika naona aibu nazo."

"Hizo ndizo nataka zaidi," Samiha alisema.

Kisha alimleta Peterson, mwalimu wa ujenzi katika chuo kimoja. Peterson aliwasha jiko, akafunga madirisha, akakagua moshi kwa kifaa chake. Alisema unatoka vizuri, ila panahitajika tundu la kusafishia masizi. Wachuka alibishana naye juu ya mahali pa kulitoboa, wakakubaliana, akalitoboa mwenyewe.

Ijumaa makala ilitoka. Chini ya picha iliandikwa: "Imebuniwa na kujengwa na Wachuka, Tetu. Tumefika, tumeikalia. Moshi umekaguliwa na Peterson, mwalimu wa ujenzi. Hatujaijaribu kwa kuni mbichi."

Fuad alisoma sentensi ya mwisho mara mbili. "Kwa nini tunasema kitu hatujui?"

"Ndio waamini ile tunajua."

Hakuna makala nyingine ya tovuti yao iliyowahi kusomwa kwa wingi kama hiyo. Kurasa zilizotaja Ulaya zilianza kufuta maneno yao, na tovuti moja kubwa ya Nairobi ikaomba radhi hadharani na kuweka jina la Wachuka. Jumapili, mwenyekiti wa kikundi alisimama kanisani akamwomba msamaha mbele ya wote.

"Wamepiga makofi mpaka mama akasimama pia," Wachuka alimwambia Samiha kwa simu. "Na hiyo magoti yake."

Agosti Wachuka aliitwa Kiriaini kujenga benchi kama ile katika chumba cha kungojea cha zahanati moja. Samiha na Fuad walimkuta ndani ya mabuti, udongo hadi viwikoni, akiwaelekeza mafundi wapitishe wapi moshi. Akina mama wajawazito walikuwa wameshauliza itakauka lini.

Fuad alitoa kamera. "Mama, hapa chini tuandike nani?"

Wachuka alinyooka, akajifuta mikono kwenye leso.

"Andika jina yote," alisema. "Wachuka wa Nderitu. Na uandike vizuri."