Mikono ya Kobia

Jumamosi, tarehe 12 Julai 2025. Asubuhi hiyo Githongo iliamkia ukungu na manyunyu ya baridi, mibuni yote ikidondosha maji. Kathambi aliwasha moto mapema ili wageni wasimkute baba yake akitetemeka.

Kobia aliketi karibu na mlango, blanketi magotini. Tangu pambano la ndondi la mwaka 1998 mjini Meru hakuwa ametamka neno lenye maana. Mkewe alimlisha mpaka mwenyewe akaingia kaburini, na kijiko kikabaki mkononi mwa Kathambi.

Pambano lenyewe lilikuwa bado likibishaniwa vinyozini na sokoni, Meru hadi Embu. Huyu husema Kobia alikuwa akishinda, yule huapa kwamba mpinzani wake, Kivuti wa Embu, alimpiga wakati kengele ya kumaliza raundi ilikuwa imeshalia. Hakuna picha ya kuwaamua. Mji mzima ulikuwa na mpiga video mmoja, na siku hiyo alikuwa harusini. Ushahidi ukabaki midomoni mwa watu, na mdomo uliovuma kuliko yote ulikuwa wa Mbaka, kaka mkubwa wa Kobia, aliyekuwa mkufunzi wake.

Mbaka ndiye aliyemlea Vincent, ndugu yake Kathambi, ambaye siku ya pambano alikuwa bado tumboni mwa mama. Alimlea kwa ugali na hadithi ya kengele, mpaka kijana akawa bondia. Jumamosi iliyofuata Vincent angepanda ulingoni kupigana na Muchangi, mwana wa Kivuti.

Kathambi aliposikia, sala yake ilibaki moja tu: "Bwana, blanketi moja la magotini limenitosha. Usinipe la pili." Alimsihi Vincent, Vincent akakataa. Basi akaomba jambo dogo, kwamba familia mbili zikutane na kuombea vijana wao.

Ndiyo sababu akina mama wa ushirika wa kanisa walikuwa wamejaa sebuleni, na Kivuti akaingia akiwa amebeba ndengu na asali kutoka Mbeere. Alikuwa mzee mwembamba, pua imebonyea. Alimtazama Kobia, akavua kofia, akasahau kuketi.

"Keti, mzee," Mbaka alimwambia. "Ama unangoja kengele? Nilidhani nyinyi watu wa Embu hamzisikii."

Akina mama wakacheka kidogo. Vincent hakucheka.

"Ningekuja zamani," Kivuti alisema taratibu. "Niliambiwa nikikanyaga hapa nitakutana na panga."

"Na bado hujachelewa."

"Baba mkubwa, tafadhali," Kathambi alisema, akimpa mgeni chai.

Mama Marcella, kiongozi wa ushirika, alikuwa akifungua Biblia wakati mikono ya Kobia ilipoanza. Ilianza hivyo kila siku. Kushoto, kushoto, kulia, bega likiinama kukwepa ngumi ambayo hakuna mwingine aliyeiona. Kisha mikono ikatulia, ikakaribiana, ikanyooka mbele, viganja juu, viwiko vikitetemeka.

"Amina," wakasema akina mama. Marcella akaweka viganja vyake juu ya vile vya Kobia. "Huyu hata akili ilipomtoka, maombi hayakumtoka."

Hivyo ndivyo walivyoamini miaka yote. Kathambi naye, akidhani baba ana njaa, mara nyingi alimwekea kikombe cha uji katika mikono hiyo, na mara zote kikaanguka.

Kivuti aliweka chai chini.

"Haombi," alisema. "Binti yangu, baba yako haombi. Anataka afunguliwe glavu."

Akanyoosha mikono yake mwenyewe, viganja juu.

"Bondia hawezi kujifungua kamba za glavu. Akichoka, akitaka kuacha, humnyooshea mkufunzi wake mikono, hivyo. Nilimwona kwa macho yangu kabla ya raundi ya mwisho, kwenye kona yake. Nikajua yamekwisha, nikamshukuru Mungu. Kisha nikaona kamba zinakazwa, na shavu lake likipigwa kofi ili aamke." Akamtazama Kobia. "Kengele ikalia, akaja. Nami nikapiga. Hiyo pia ni kweli, sitaificha."

Kathambi alimgeukia Mbaka. "Baba mkubwa?"

"Mtu aliyeshindwa aseme nini?" Mbaka alifoka.

"Nilishinda," Kivuti alisema.

"Baba mkubwa, alikunyooshea mikono?" Vincent aliuliza. Sauti yake ilikuwa ndogo kuliko mwili wake.

Mbaka alitazama mlango, lakini mlangoni alikuwa ameketi Kobia, mikono bado mbele.

"Watu walikuwa wakiimba jina letu," alisema mwishowe. "Uwanja mzima. Ningemtoa, wangesema Kobia ni mwoga. Mngeona ile siku... Kama kungekuwa na video mngeelewa."

"Video hii hapa," Kathambi alisema, akimwonyesha baba yake. "Imechezwa mbele yako kila siku, na ukanywa chai."

Mbaka alijifunika uso kwa kofia.

Vincent alipiga magoti mbele ya baba yake. Polepole, kama mtu anayefungua kitu kilichoganda, akavuta kamba zisizokuwepo, mkono wa kushoto, kisha wa kulia, akavua. Mikono ya Kobia ikashuka magotini. Akashusha pumzi ndefu. Akina mama wakaanza kulia, na mmoja akaanzisha wimbo wa shukrani.

Wimbo haukufika mbali. Mikono ikaanza tena: kushoto, kushoto, kulia. Bega likainama. Ikanyooka.

Vincent akaishika kabla haijaanza kutetemeka.

"Baba," alisema kwa sauti ambayo hata waliokuwa nje kwenye manyunyu waliisikia, "Jumamosi sipigani, wala siku nyingine yoyote. Na glavu zako hizi nitazifungua kila zitakapojifunga, mpaka Mungu atakapokuita. Mzee Kivuti umesikia. Baba mkubwa umesikia. Akina mama, nyinyi ni mashahidi wangu."