Filta ya Mzee Ivor

Baba mkwe wangu, Mzee Ivor, alikuwa haoni vizuri. Nyumba nzima tulijua na nyumba nzima tulinyamaza. Ukimgusia miwani anakujibu, "Ng'ombe hazeeki maini," kisha anakununia mpaka Jumapili. Huku kwetu Antrim, barabara za mashambani zikifungwa kwa mashindano ya pikipiki, kila mwendeshaji ana fundi wake, na fundi wa ukoo hakaguliwi na watu wake. Kumchungulia Ivor akifunga filta ya oili ni kumtukana mbele za watu. Mila ya kijinga, na sioni haya kusema.

Asubuhi ile ya manyunyu, chini ya turubai, mume wangu Wesley alijaribu.

"Baba, leo niachie mimi hiyo filta."

"Kazi yako kuendesha. Umejua kufunga lini, jana?"

"Sibishani na wewe, mzee wangu. Ni macho tu."

"Macho yangu yako vidoleni."

Turubai la jirani lilikuwa la Pauline na mwanawe Nevin, kijana anayemfukuza Wesley mbioni kila mwaka. Nevin akacheka. "Mzee, ukimaliza njoo unifungie na mimi, huyu mwanao hakuthamini." Wesley akanywea.

Ivor akachagua mwenyewe. Filta za bei rahisi alizisukuma kando akisonya, akachukua yenye kichwa cha chuma chenye tundu la waya, maana filta ya mashindano hufungwa waya isije ikalegea njiani. Akaipaka oili kwa kidole raba ya mdomoni mwake, ile ya kuzuia kuvuja, akaikaza, akausokota waya vizuri kweli. Wakaguzi wakauvuta, wakaridhika. Injini ikawashwa, haikuvuja hata tone.

Pikipiki zilipokwenda mstarini nilibaki kusafisha. Nikaiokota filta kuukuu kwenye beseni la oili chafu, na mdomo wake ulikuwa mtupu, hauna raba. Nikapapasa beseni lote, hamna kitu. Raba ya zamani ilikuwa imenasa kwenye injini, na mzee kaikazia mpya juu yake. Raba mbili hushika injini ikiwa imetulia. Ikikimbia, oili huzisukuma, ikamwagika kwenye gurudumu la nyuma na kwenye lami.

Nilikimbia, viatu vikabaki matopeni. Nilipofika kwenye uzio walishaondoka.

"Msimamishe Wesley!" nikamwambia mshika bendera. "Filta yake itamwaga oili."

Akachukua redio. Akaita, akaita tena. Mimi nilimlaani Ivor, nikazilaani na heshima zetu zote zilizotufunga midomo.

Pauline aliyekuwa pale uzioni akanishika mkono, hakuuliza mengi. "Tulia, dada. Wesley mtu mzima, akihisi kitu atapunguza mwendo."

"Hawezi kuhisi mpaka gurudumu lishateleza."

"Basi tuombe."

Tukaomba, yeye kwa sauti, akimtaja mume wangu kwa jina. Bendera nyekundu za kusimamisha mbio zikainuliwa, ngurumo zikakatika moja baada ya nyingine kule nyuma ya vichaka, pakabaki mvua tu. Mshika bendera alikuwa amegeuka upande mwingine na redio yake sikioni.

Ndipo Wesley akatokea kwenye kona, kwa miguu, anasukuma pikipiki. Buti la kulia lilikuwa linachuruzika oili. Mzima, hana hata mkwaruzo.

Sijapata kufurahi vile maishani mwangu. Nilimkumbatia Pauline nikalia, na yeye akalia kwa furaha yangu, ananipigapiga mgongoni. "Si nilikwambia? Si nilikwambia atarudi?"

Wesley akafika uzioni, akavua helmeti. Nilimnyooshea mikono lakini hakunitazama. Alikuwa anamtazama Pauline.

"Mama Nevin," akasema, "Nevin alikuwa nyuma yangu."