Turubai la Vifaranga

Watu wa Mombasa wana kiburi kimoja cha kijinga: hawakubali kwamba kwao kuna baridi. Kusi litavuma mwezi wa saba, mvua itapiga ubavuni, mtu atajikunyata ndani ya koti la kuazima, na bado atakwambia baridi iko Limuru. Mwinyihaji wa mtaa wa Shika Adabu alikuwa mmoja wao, na mkewe Dhahabu alishachoka kubishana naye.

Dhahabu alifuga vifaranga wa kisasa kwenye banda la uani. Kabla ya hapo alifua nguo za watu Nyali mpaka vidole vikachubuka, na siku aliyoacha aliapa harudi tena. Vifaranga wakifa, kiapo nacho kimekufa. Mwinyihaji alilijua hilo vizuri. Kwa hiyo Dhahabu aliwatunza: maranda makavu chini, jiko la makaa katikati, na upande wa kusini, upepo unakotokea, turubai zito lililoachiwa nafasi ya kupitisha hewa kwa juu. Hata maji aliwapasha yakawa vuguvugu, maana kifaranga akionja maji baridi siku kama hizo huacha kunywa, na asiyekunywa hali.

Asubuhi moja ya mwezi wa saba Dhahabu alikwenda sokoni kununua chakula chao.

"Baba Sabah," alimwambia mumewe, "makaa yakipungua ongeza, na maji ya baridi usiwape. Sina jingine."

"Wewe nenda tu, mke wangu. Kuku nao ni kazi?"

Aliporudi, amelowa chapachapa, aliwasikia kabla hajafika uani. Kifaranga aliyeshikwa na baridi ana kilio chake, chembamba, cha kukata maini. Turubai halipo. Jiko halipo. Mvua ilikuwa ikiingia bandani kama kwake, maranda yamekuwa uji, na vifaranga wamerundikana pembeni kutafuta joto, wa juu wakilia, wa chini wamebanwa wakafa. Dhahabu aliwachambua kwa mikono, wazima huku, wafu kule. Hakulia. Hasira haikumpa nafasi.

Wala hakuhitaji kuuliza. Kelele za mchezo wa dhumna zilitoka barazani, mbele ya nyumba yake mwenyewe. Turubai lake limetandwa juu ya vichwa vya wanaume wazima, jiko lake limebebeshwa dele la kahawa, na Mwinyihaji, kakaa ndani ya koti, anagonga kete.

"Mvua ilitukamata, mke wangu," alisema alipomwona. "Nikasema tuazime mara moja tu. Kuku ana manyoya, bwana. Sisi tuna mashati."

Wenzake wakacheka. Dhahabu akageuka akaenda zake, nao wakadhani yamekwisha. Mwanamke akinyamaza, wapo wanaume hudhani amekubali.

Alirudi na boksi. Akazifagia kete kwa mkono zikatawanyika matopeni, akatandika gunia kavu juu ya baraza, akaanza kuwapanga vifaranga mmoja mmoja kando ya jiko.

"Ondokeni," alisema.

"Dhahabu! Mbele za watu?"

"Turubai ulilichukua mbele za nani? Ondokeni, wallahi, kabla sijalishika hilo dele!"

Mzee Nguma, mkubwa wao, alikuwa wa kwanza kuingia mvuani, na wengine wakamfuata bila kuaga. Dhahabu akalimwaga kahawa lile dele, akalisuuza, akapasha maji. Akamshika kifaranga, akamchovya mdomo. Kifaranga akainua kichwa, akameza. Akamshika mwingine.

Mwinyihaji alisimama nje ya turubai, koti linachuruzika.

"Basi, waliokufa wamekufa," alisema kwa upole, kama anayefariji. "Si mwisho wa dunia. Hata ukirudi Nyali kidogo, mpaka tupate wengine..."

Dhahabu aliweka kifaranga chini. Alijifuta mikono kwenye leso, akaitoa simu, akabonyeza.

"Yule mama wa Nyali hupenda mtu wa kufika mapema," alisema. "Mashuka yake mazito. Yakamue vizuri, la sivyo hukurudisha uyafue upya."

"Nani?"

Akamnyooshea simu. Ilikuwa tayari inaita.