Mla Kuku na Mla Maharagwe

Jumamosi hiyo shemeji yangu Médiatrice alikuja kumsuka binti yangu Ella. Hata msuko wa kwanza haujaisha, akaniita kutoka jikoni kwa sauti ya mtu aliyekamata mwizi.

"Baba Ella! Njoo uone kazi yako."

Nilikwenda na kisu mkononi, maana nilikuwa nakata kuku. Ella alikaa sakafuni katikati ya magoti ya mama yake mdogo, ameinamisha kichwa. Chanuo lilikuwa limejaa nywele kama brashi ya kufagilia ya kinyozi. Pale utosini, ambapo zamani usingeweza kupitisha kidole, ngozi ilikuwa inaonekana.

"Kazi yangu?" nikasema. "Mimi ndiye niliyemwambia asile? Kamwulize mwalimu wake."

Na nilikuwa na sababu. Mwezi wa tisa shule ilipofunguliwa, mwalimu aliwaonyesha sinema ya kuku waliofungiwa kwenye mabanda. Ella akarudi nyumbani akatangaza kwamba yeye sasa ni vegani. Hali nyama, hali samaki, hali mayai, hanywi maziwa. Hata asali hali, anawaonea nyuki huruma. Na baba yake huyu anafanya kazi kwenye kiwanda cha kukata kuku, zamu ya jioni. Mwalimu analipwa mshahara wa serikali ili amfundishe mtoto wangu kwamba mimi ni mwuaji.

"Kula nyama, nywele zitarudi," nikamwambia Ella.

Akanijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake. Nakisikia vizuri, ulimi wangu tu ndio unaokikataa, kwa hiyo hapa namwandika kwa Kiswahili.

"Papa, farasi hali nyama. Umeona nywele zake?"

"Tembo naye hali nyama. Umeona zake?"

Médiatrice alicheka bila kutaka, halafu akajikaza.

"Chekeni. Matanga ya dada yangu yanaondolewa kabla ya Kwaresima. Baba mdogo Ismaël anatoka Montreal kuja. Ataniuliza mtoto anakaa na nani, nami nitamwonyesha nini? Kichwa hiki? Shemeji, nakuambia mapema ili usije ukasema nimekuvizia. Nitaomba Ella aje kwangu Mississauga."

Kisu kilinilemea mkononi.

Kwetu Buyenzi, Bujumbura, siku ya kuondoa matanga watu hawali na kutawanyika tu. Ndugu wa marehemu wanakaa, wanauliza watoto wa marehemu watalelewa na nani. Hakuna korti wala wakili. Mzee akishasema amesema, na ukimkatalia umekata undugu. Médiatrice ana nyumba yenye bustani na mume mwenye lori. Mimi nina ghorofa ya kumi na nne hapa St. James Town, lifti inayofanya kazi ikipenda, na meneja wa jengo ambaye ukimlalamikia anakutazama kama umetoka ukutani. Ella akiondoka, nitabaki na mlio wa friji.

Nikasema moyoni, basi nitatafuta mtu msomi atamke mbele yetu kwamba ni umboga huu unaomnyonyoa mtoto. Nikimpelekea mzee Ismaël neno la daktari, lawama itakwenda shuleni inakostahili.

Madaktari siwapendi. Mke wangu Thacienne alikwenda hospitali akilalamika kichwa, wakamwambia ni uchovu, arudi nyumbani apumzike. Amepumzika tangu mwezi wa kumi. Hakuna aliyeulizwa, hakuna aliyefukuzwa kazi. Lakini nilisikia kuna daktari mwanamke Thorncliffe Park, Mwismaili anayeitwa Shahnaz, mzaliwa wa Tabora, na Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu. Nikampeleka Ella. Akamtoa damu, na wiki iliyofuata tukarudi kusikiliza majibu.

"Mzee wangu, madini ya chuma yamepungua kwenye damu," alisema. "Si vibaya sana, ila yamepungua."

"Ni mboga. Sema ni mboga, daktari."

"Ningesema kama ningejua." Akavua miwani. "Nina wagonjwa Wahindu ambao hawajagusa nyama tangu babu wa babu zao, na misuko yao inafika kiunoni. Na nina wala nyama wenye vichwa kama yai. Mtu akiacha nyama, swali ni amekula nini mahali pake. Asubuhi anakula nini?"

Nilimtazama Ella. Ella alitazama viatu vyake.

"Mkate," nikasema.

"Na nini?"

"Na chai."

"Mchana?"

"Mchana yuko shule."

"Jioni je?"

Jioni mimi nipo kiwandani. Vitu asivyokula mtoto wangu ningeweza kuvitaja kimoja kimoja kama rozari, na nilikuwa nimevitaja mbele ya kila mtu kanisani. Anachokula sikukijua.

Ella akajibu mwenyewe, taratibu. Chipsi. Mkate na jamu. Siku nyingine hali kitu, anakunywa chai ya rangi analala.

"Tangu lini, binti yangu?"

"Tangu Maman."

Daktari akaniuliza Thacienne alifariki mwezi gani. Nikamwambia.

"Basi kuna jambo la pili. Mwili ukipata pigo, homa kali, kujifungua, msiba, nywele hazianguki siku ile. Zinangoja miezi miwili mitatu, halafu zinamwagika, wakati watu wameshamaliza kutoa pole na kurudi makwao. Pengine ni chuma. Pengine ni msiba. Pengine vyote viwili. Nitampa vidonge, na wewe umpe chakula. Zitarudi."

Ndivyo walivyo. Unakwenda kutafuta mkosaji mmoja, wanakupa wawili, na wote wanatoka upande wako.

"Na wewe, mzee wangu, unakula?"

"Kuku kila siku. Kiwandani wanatuuzia kwa bei nafuu."

"Mbona hujavua kofia?"

"Baridi," nikasema, ingawa humo chumbani hita ilikuwa inatutoa jasho.

Niseme ukweli wa ile kofia. Kiwandani tunavalishwa wavu kichwani ili nywele zisiangukie nyama. Tangu Krismasi, nikiuvua wavu mwisho wa zamu, ulikuwa unatoka umejaa. Nilimwambia msimamizi kwamba wananunua nyavu rahisi zinazong'oa watu nywele. Akacheka, akaniambia niwe mzee kwa amani. Huyo ni msimamizi, analipwa kucheka.

Tukapanda basi kurudi. Theluji ilikuwa imegeuka tope, watu wote wamenuna.

"Papa," Ella akasema, "kule Buyenzi mlikuwa mnakula nyama kila siku?"

"Kila siku! Nani alikuwa nayo? Maharagwe. Lengalenga, ule mchicha wetu. Sombe, majani ya muhogo na mawese. Nyama ilikuwa Krismasi, au mtu akifa."

"Kwa hiyo mlikuwa vegani."

"Hatukuwa vegani. Tulikuwa tunangoja mwisho wa mwezi."

Alicheka hadi mama mmoja wa kiti cha mbele akageuka. Sikuwa nimesikia kicheko hicho tangu mazishi.

Lakini neno lake lilinikaa. Thacienne alikulia kwenye maharagwe hayohayo, na nywele zake zilikuwa zikivunja machanuo. Médiatrice akimsuka alikuwa akitukana, analivunja moja anatuma dukani kununua jingine. Halafu nikakumbuka mwezi ule wa tisa. Ella alipotangaza u-vegani wake, mimi niligonga meza. Thacienne hakumwuliza hata kwa nini. Alimwuliza, "Karanga unakula?" Ella akasema anakula. Basi Thacienne akatwanga karanga, akazitia kwenye sombe mahali pa ndagala, vile visamaki vikavu vya ziwani, na maisha yakaendelea. Wiki zile Ella alikuwa vegani kamili, na kichwa chake kilikuwa msitu.

Nilijua hayo yote. Nilikuwa nimeyaweka mahali ambapo sihitaji kuyatazama.

Matanga tuliyaondoa kwenye ukumbi ulio chini ya kanisa. Mbuzi alichinjwa shambani nje ya mji, watu wakajaa, bia ikawepo. Nilikuwa nimeandaa maneno yangu. Kwanza mwalimu, pili hospitali, tatu kiwanda. Nilikuwa nimeyafanyia mazoezi kwenye lifti, siku zile inapokwama.

Mzee Ismaël, baba mdogo wa marehemu, alikaa mbele na fimbo yake. Desturi ni kwamba watu wa nyumba ya marehemu wanaonja nyama kwanza. Médiatrice akamletea Ella kipande kwenye sahani.

"Onja, mwanangu. Mama yako aende vizuri."

"Samahani, Tantine. Sili."

"Leo tu!"

Ella akasema kitu kwa Kiingereza, na vijana wakaangua kicheko kabla wazee hawajatafsiriwa. Alisema: wiki ijayo padri atawakataza nyama siku ya Ijumaa, mtaita utakatifu, mimi nikiikataa Jumamosi mnaita ugonjwa. Padri mwenyewe alikuwa na ubavu wa mbuzi mkononi. Akauweka chini kwa heshima.

"Huyu ana mdomo wa mama yake," mzee Ismaël akasema, na watu wakacheka zaidi.

Médiatrice hakucheka. Alimfungua Ella kilemba mbele ya watu wote. Chini ya taa zile nyeupe kichwa cha mtoto wangu kilionekana kidogo. Ella hakukiziba kwa mikono. Alisimama tu, machozi yanamtoka.

"Baba mdogo, jionee," Médiatrice akasema. "Baba anakula nyama, mtoto anakula hewa. Namwomba aje kwangu."

"Bonaventure," mzee akasema. "Una neno?"

Nilisimama. Mwalimu alikuwepo kwenye ulimi, na hospitali, na kiwanda. Nikamwona Ella anavyonitazama, anangoja nimtaje mwalimu wake kwa mara ya mia. Maneno yakakataa kutoka kwa mpango niliouweka. Nikavua kofia.

Watu wa mbele walishtuka. Msichana mmoja alisema "Mungu wangu." Kilichobaki kichwani mwangu kilikuwa kama nyasi za uwanja wa mpira.

"Huyu hali nyama," nikasema. "Mimi nimekula kuku tangu siku ya mazishi hadi kuku wenyewe wananifahamu. Kwetu hatuna upara. Baba yangu tulimzika na nywele zake zote. Kama za mtoto zimeondoka na mboga, zangu zimeondoka na nini?"

Nikamgeukia Médiatrice.

"Mkimchukua, mchukueni. Ila msiseme ni mboga. Thacienne alimpa mboga, na nywele zilikaa. Tangu aondoke, sufuria ya maharagwe haijapanda jiko nyumbani kwangu. Mimi napika kuku, namla, nakwenda kazini."

Nikakaa, kofia mapajani.

Mzee Ismaël aliinuka na fimbo yake. Akaweka mkono kwenye kichwa cha Ella, kisha kwenye changu, kama mtu anayepima matikiti sokoni.

"Siku ya mazishi mlinyolewa?"

Tulitazamana. Kwetu wafiwa hunyolewa. Lakini padri alikuwa amesema si lazima, na Jumatatu watu walikuwa na kazi, na nje kulikuwa na baridi.

"Hamkunyolewa," akasema. "Basi zimejinyoa zenyewe."

Sisemi ni kweli. Daktari Shahnaz angemcheka. Lakini Médiatrice aliposikia alikaa chini akalia kilio ambacho hakukilia siku ya mazishi, na Ella akaenda kumshika. Zilipita dakika nyingi kabla mzee hajamgeukia mtoto.

"Wewe mwenyewe unasemaje? Sema kwa lugha ya mama yako."

Ella alitafuta maneno kama mtu anayetafuta chenji mfukoni.

"Mi nabaki na Papa," akasema kwa Kiswahili. "Lakini apike. Apike maharagwe."

"Umesikia?" mzee akaniuliza.

"Nimesikia."

"Na mimi nitakuja kila Jumamosi kukagua hiyo sufuria," Médiatrice akasema, anajifuta uso.

"Njoo na karanga, shemeji."

Sufuria ya kwanza niliiunguza. Ya pili niliisahau chumvi. Nilihamia zamu ya asubuhi, na msimamizi alinifanya niiombe kama naomba figo yake. Sasa tunakula pamoja jioni. Ndagala wangu nawaweka kwenye kisahani cha pembeni, Ella anajifanya hawaoni.

Nywele zake zilianza kurudi majira ya joto. Daktari anasema ni vidonge. Médiatrice anasema ni mafuta yake. Padri anasema ni sala. Siku ya mavuno kila mtu anadai ndiye aliyepanda. Mwalimu naye, nilipomkuta kwenye mkutano wa wazazi, alisema Ella sasa ana nguvu darasani, na akanipa hongera kana kwamba maharagwe ni yake. Mimi nikiulizwa, sijui. Zangu zimerudi chache, tena nyeupe, na kula nakula na mtoto sahani moja.

Juzi asubuhi nilisikia kitu kimekatika bafuni, tak! Halafu Ella akatukana kwa Kiswahili, tusi la Buyenzi ambalo sikujua kwamba analijua. Akatoka ameshika nusu ya chanuo, nusu nyingine imenasa kichwani.

"Papa, nahitaji jingine."

Sikumgombeza kwa lile tusi. Nilivaa koti nikashuka kwa ngazi kwenda dukani, maana lifti ilikuwa imekwama tena.