Nafasi Kwenye Diski

Kompyuta ya zamani ilikufa ghafla kama balbu, mama mkwe akiwa katikati ya kutarizi shela la bibi harusi. Cherehani ya kutarizi ilikuwa nzima. Tatizo lilikuwa nakshi: marehemu mumewe alizichorea kwenye programu ya zamani iliyokataa kabisa kukaa kwenye mfumo mpya. Kompyuta ya mkononi aliyoletewa na mwanawe ilitumia mfumo mwingine, Linux, na mama huyu aliitumia kutazama video tu.

Mwanawe alikuwa safarini kikazi, kwa hiyo aliyekuja ni mkaza mwana, fundi wa kompyuta chuoni. Wawili hawa hawakuwahi kugombana. Waliheshimiana, wakasalimiana vizuri, wakaishia hapo.

"Nitaweka programu inayotengeneza kompyuta ya bandia ndani ya hii," mkaza mwana alieleza, akifungua mashine kwenye meza ya kukatia vitambaa. "Humo ndani nitaweka mfumo wa zamani. Programu ya baba itadhani iko kwake."

"Kwa hiyo tunaidanganya."

"Kidogo tu, mama."

Mama mkwe alisogeza mkasi na vibiringo vya nyuzi kumpisha. "Basi iweke, mwenye shela ananipigia simu kutwa."

"Kwanza niitayarishe mashine yenyewe. Nikilipua kazi, itatugomea kesho."

Akaandika amri na kusoma majibu. Kichakataji kilikuwa na uwezo wa kubeba kompyuta ya bandia, ila uwezo huo ulikuwa umezimwa. Aliizima mashine, akaiwasha huku akibonyeza kitufe, akaingia kwenye mipangilio yake ya awali na kuuruhusu. Baada ya hapo alianza kusasisha mfumo, ili avute kutoka mtandaoni vipande vya kuishikamanisha programu mpya na kiini cha Linux. Haukufika mbali. Mashine ilisema diski imejaa.

Alitafuta kilichoijaza. Ilikuwa video moja, ndefu, iliyonakiliwa tena na tena mpaka folda ikafurika.

"Mama, hii video ina nakala nyingi sana. Naomba nifute baadhi."

Mama mkwe alikuwa anapiga pasi. Aliisimamisha pasi. "Ni ya mzee."

Mkaza mwana aliondoa mkono kwenye kipanya.

"Alikuwa anajaribu kamera," mama mkwe akasema. "Akaiwasha, akasahau kuizima. Anachora tu pale, anajikunakuna kichwa. Mimi napita nyuma na nguo. Hakuna cha maana."

"Na nakala?"

"Kila nikitaka kumwona, natengeneza nyingine, naangalia hiyo. Kanda zetu za zamani zilikuwa zinachakaa kwa kuchezwa, picha inaanza kuruka, sauti inakwenda. Sikutaka yeye achakae."

Mkaza mwana alitaka kujibu haraka, kama anavyowajibu wanafunzi wa chuoni. Badala yake alivuta kiti, akakaa karibu na meza ya pasi.

"Hii haichakai, mama. Mtazame asubuhi na jioni, miaka yote. Atabaki vilevile."

"Una hakika?"

"Nina hakika. Kinachoweza kuharibika ni mashine, ndiyo maana tutamweka mahali pengi. Hapa, kwenye flashi, kwenye simu yako, na kwangu nyumbani, ukiniruhusu."

"Kwako?"

"Mimi sikumkuta baba. Ningependa nimjue."

Mama mkwe alichomoa waya wa pasi. Akaja kukaa mbele ya kompyuta, akavaa miwani. Walipokwisha kuhifadhi kila mahali na kuhakikisha kila nakala inafunguka, alizifuta zilizozidi kwa mkono wake mwenyewe, moja baada ya nyingine. Mkaza mwana alimwachia, ingawa angeweza kuzifuta zote kwa amri moja.

Nafasi ilipatikana. Mfumo ukasasishwa, vipande vikashuka, mashine ikawashwa upya, na programu ikaingia bila kinyongo. Ndani ya dirisha dogo ikatokea skrini ya kompyuta ya zamani, na humo nakshi zote alizozinakili kutoka diski ya ile iliyokufa zikiwa zimepangwa. Shela lilikwisha, likaenda harusini.

Lakini jioni ile hawakuanza na shela. Mama mkwe alifungua ukurasa mtupu, akamsogezea mkaza mwana kipanya na kumwonyesha jinsi mzee alivyochora jani: anza na mshipa, kisha pinda upande mmoja.

Jani la kwanza la fundi lilifanana na kijiko.

"Mwanangu," mama mkwe akasema, akicheka mpaka akavua miwani, "hata mbuzi hali hili."

"Lifute basi, mama."

"Nani kasema nafuta?" Akatandika leso yake nyeupe kwenye fremu ya cherehani, akachagua uzi wa kijani, akalitarizi pembeni jinsi lilivyo.